Maswali ya Wasomaji: Ayalandi kwa Baiskeli, Kando ya Mifereji, Mito na Maziwa

Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Arusha na wote tumevuka miaka 50. Binti yetu anasoma Dublin, na mwezi Juni tutakwenda kumwona. Kila Jumapili tunaendesha baiskeli kilomita 30 hivi bila shida, lakini magari na milima mirefu tunaviogopa. Tungependa kukaa wiki moja vijijini, kwenye maji. Tuanzie wapi?

Ndugu msomaji, anzeni kwenye mfereji, kwa sababu mfereji ndio njia pekee ya maji ambayo binadamu aliinyoosha na kuisawazisha kabla ninyi hamjafika. Mfereji wa Royal Canal ulianza kuchimbwa mwaka 1790 kutoka Dublin kuelekea magharibi, ukafika mto Shannon mwaka 1817, ukafungwa kwa vyombo vya majini mwaka 1961, kisha ukafufuliwa wote mwaka 2010. Kingo zake, ambako zamani farasi walitembea wakivuta mashua kwa kamba, zimetengenezwa kuwa njia ya baiskeli na watembea kwa miguu yenye urefu wa kilomita 130, kutoka mji wa Maynooth hadi kijiji cha Cloondara, na njia hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 2021. Magari mtakutana nayo pale tu mnapovuka barabara.

Kutoka Dublin pandeni treni hadi Maynooth, kisha gaweni kilomita hizo 130 katika siku tatu au nne, mkilala Enfield, Mullingar na Abbeyshrule au Ballymahon. Miinuko mtakayoikuta ni ile midogo iliyo kwenye malango ya maji. Nawasihi msiyapite haraka malango hayo. Mashua huingia katika kizimba cha mawe, lango likafungwa nyuma yake, maji yakaingizwa au kutolewa taratibu mpaka kimo chake kilingane na cha upande wa pili, ndipo lango la mbele linafunguliwa. Kazi hiyo hufanywa kwa mikono, na mwenye mashua huusukuma mti mrefu wa lango kwa mgongo huku akirudi kinyumenyume. Nilisimama kutazama nikidhani itachukua dakika mbili, nikaondoka baada ya nusu saa. Karibu na Abbeyshrule mtaona jambo jingine la kustaajabisha: mfereji unapita juu ya daraja la mawe, na chini ya daraja hilo unapita mto wenyewe, uitwao Inny.

Mkifika Keenagh, acheni mfereji kwa muda mfupi mwende Corlea. Huko, ndani ya ukumbi unaotunzwa unyevu, imehifadhiwa sehemu ya mita 18 ya barabara ya mbao iliyolazwa juu ya tope la mboji kwa miti ya mialoni iliyokatwa mwaka 148 kabla ya Kristo. Mbao zake ni pana na nyeusi, na zililazwa moja baada ya nyingine kukingama njia. Uzito wake wenyewe uliizamisha barabara hiyo katika muda wa miaka michache tu, na tope lililoimeza ndilo lililoilinda isioze. Kwa mtu aliyefika hapo kwa nguvu ya miguu yake, nadhani hakuna mahali katika safari hii panapogusa moyo zaidi.

Cloondara ndipo mfereji unapokutana na Shannon, mto mrefu kuliko yote ya Ayalandi, wenye urefu wa kilomita 360 hivi. Mto huu unashuka polepole mno, kiasi kwamba mgeni akisimama darajani huweza kutazama jani likielea kwa dakika nzima kabla hajatambua maji yanaelekea wapi. Vukeni daraja la Tarmonbarry, kisha fuateni barabara ndogo za upande wa magharibi wa mto, katika kaunti ya Roscommon, kuelekea kaskazini hadi Carrick-on-Shannon. Msishawishike kuifuata barabara kuu ya N4 iliyo upande wa mashariki, hata kama simu itawaambia ni fupi zaidi. Hapa mto hautambulikani tena kama mto, kwa maana unajitawanya na kuwa maziwa, Lough Bofin na Lough Boderg, kisha unajikusanya upya. Neno Lough, mtakaloliona kwenye kila kibao, maana yake ni ziwa.

Mkiwa na siku moja ya ziada, endeleeni hadi kijiji cha Leitrim na kutoka hapo hadi Drumshanbo, ambako katika ziwa dogo la Acres kumejengwa njia ya mbao inayoelea, yenye urefu wa mita 600. Shukeni muisukume baiskeli taratibu. Mbao zinatikisika kidogo chini ya miguu, matete yanasugua kingo, na bata maji hupita karibu sana. Kisha rudini Carrick-on-Shannon mpande treni ya Dublin.

Wapo wanaoshauri safari hii ifanywe kinyume, kuanzia magharibi, kwa sababu upepo wa nchi hiyo mara nyingi huvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi, na kwa hiyo humsukuma mwendeshaji mgongoni. Hoja yao ni ya kweli. Hata hivyo mimi nasimama na upande niliowaelekeza, maana mnatoka kwenye mfereji mwembamba, mnaingia mto, mnamalizia ziwani, na kila siku maji yanazidi kuwa mapana mbele yenu. Upepo ukizidi, punguzeni kilomita za siku hiyo.

Ndugu Mhariri, ninaishi Leeds kwa kibali cha kazi, na pasi yangu ni ya Kenya. Nimesikia habari za njia ya baiskeli inayoitwa Kingfisher, inayozunguka Lough Erne na kuvuka mpaka kati ya Ayalandi ya Kaskazini na Jamhuri. Rafiki zangu wananiambia kwamba kwa kuwa mpakani hakuna askari, kibali changu cha Uingereza kinatosha. Ni kweli?

Ndugu yangu, si kweli, na nakuomba usiwasikilize katika hili hata kidogo. Ni kweli kwamba kati ya pande hizo mbili hakuna kituo cha kukagua pasi barabarani. Lakini kutokuwapo kwa mlinzi mlangoni hakumpi mtu ruhusa ya kuingia nyumba ya watu. Ayalandi ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, na kibali chako kinakuhusu huko. Jamhuri ya Ayalandi ni dola nyingine yenye sheria zake za uhamiaji, haimo katika mkataba wa Schengen, ule wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza yake hata kama ana ukaazi wa Uingereza. Zaidi ya hayo, njia unayoitaja ina umbo la tarakimu 8, nayo inauvuka mpaka zaidi ya mara moja. Kwa hiyo omba viza ya kuingia mara nyingi, kwa sababu ile ya kuingia mara moja huisha kazi pindi unapotoka. Ombi lipeleke mapema, kabla hujalipia chombo cha kuvukia bahari wala nyumba ya kulala.

Ukishaipata, umechagua vyema. Kingfisher ni yule ndege tunayemwita mdiria, na jina limestahili, kwa kuwa njia inapita kaunti za Fermanagh, Leitrim, Cavan na sehemu za jirani, nchi ambayo maji yake ni mengi kiasi kwamba watu wa Cavan husema wana maziwa 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Mji wa Enniskillen, uliokaa kati ya Lough Erne ya juu na ya chini, ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa treni haifiki huko tangu mwaka 1957.

Nikutahadharishe kuhusu vilima. Barafu ya kale iliacha huko vilima vidogo vingi vilivyopangana, na hata jina ambalo wanajiolojia duniani kote huviita, drumlin, limetoka katika neno la Kiairishi lenye maana ya mgongo wa kilima. Hakuna hata kimoja kinachotisha, lakini vinafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua, na kilomita 50 za Fermanagh huchosha kama 80 za kando ya mfereji. Chukua baiskeli yenye gia nyepesi. Mpaka wenyewe utautambua kwa macho ukiwa makini: upande wa Jamhuri mistari ya pembeni mwa barabara ni ya njano na mwendo huandikwa kwa kilomita, upande wa Kaskazini mistari ni myeupe na mwendo ni wa maili. Weka yuro mfuko mmoja na pauni mfuko mwingine.

Je, ni kweli kwamba mvua ya huko haikatiki? Tujiandae vipi? (Msomaji wa Morogoro)

Hukatika, lakini hurudi. Mara nyingi ni rasharasha ya nusu saa, kisha jua. Miezi ya Mei na Juni ndiyo bora zaidi, kwa kuwa mvua hupungua na mchana ni mrefu mno, hata jua la mwisho wa Juni huzama saa nne usiku. Koti jepesi la mvua, soksi za akiba zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na madigadi kwenye magurudumu yote mawili vitakufaa kuliko nguo moja nzito. Wakati wa baridi Shannon hufurika na kufunika malisho kati ya Athlone na Portumna, kwa hiyo sehemu hiyo iachwe hadi majira ya joto.

Nimezoea barabara za Kenya. Barabara ndogo za Ayalandi zina hatari gani kwa mwendesha baiskeli? (Msomaji wa Eldoret)

Utaendesha upande wa kushoto kama nyumbani, na hilo ni nafuu kubwa. Barabara ndogo kabisa huitwa bóithrín, na wataalamu wa lugha ya Kiairishi hulifungamanisha neno lao la barabara na neno bó, yaani ng'ombe. Ukiona upana wake utaelewa. Katikati huota nyasi, na pande zote mbili kuna ukuta wa mawe au ua wa miti ya miiba, mfano wa michongoma yetu, hivyo kwenye kona huoni kinachokuja. Tangu Februari 2025 kikomo cha mwendo katika barabara hizo za Jamhuri kimeshushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa. Hata hivyo, ukisikia trekta, simama kwenye lango la shamba lipite. Dereva atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ni salamu, nawe mjibu kwa kichwa.

Kuhusu pancha, sheria inakataza kukata nyua hizo kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti ili ndege walee makinda yao. Ikifika Septemba mashine hutoka, na miiba iliyokatwa hutapakaa barabarani kilomita kwa kilomita. Ukienda msimu huo, beba tyubu mbili, viraka na pampu, na kila unapopumzika pitisha kitambaa juu ya tairi polepole, maana mwiba wa mti ule huingia asubuhi na kufika kwenye tyubu jioni.