Mmea mmoja unatosha: kuotesha bangi chumbani Ujerumani kwa mara ya kwanza

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anayeishi Ujerumani anaruhusiwa kuotesha mimea 3 ya bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe. Waswahili wenzangu wa huku wakishasikia hivyo huniuliza ninunue taa gani, ya wati ngapi, kutoka duka gani. Taa tutaifikia. Kwanza niulize ni mimea mingapi, na jibu langu halijabadilika: mmoja.

Nanyi mnaonisoma mkiwa Tanzania, Kenya, Uganda au Burundi, someni mpate kuelewa, lakini msijaribu. Kwa sheria ya Tanzania, kulima bangi kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 30. Ruhusa ya Ujerumani haivuki mpaka wake. Hata hapahapa haimhusu aliye chini ya miaka 18, wala mgeni ambaye hajatimiza miezi 6 ya kuishi nchini.

Kwa nini mmoja, ilhali sheria inasema 3? Kwa sababu sheria hiyohiyo inasema usiwe na zaidi ya gramu 50 za bangi iliyokauka nyumbani. Mmea uliotunzwa vizuri chini ya taa nzuri unaweza kufikisha gramu 50 peke yake. Mimea 3 ikiiva pamoja, mtu anajikuta ana gramu 100 na zaidi kabatini, naye anadhani yuko salama kwa kuwa alihesabu mimea. Ukipita gramu 50 ni faini. Ukipita 60 ni kosa la jinai. Na sisi tunaoishi kwa kibali tunajua kesi ya jinai haiishii mahakamani, inaweza kutufuata hadi ofisi ya wageni siku ya kuongeza kibali au kuomba uraia. Wala usidhani ziada utamgawia rafiki. Kuuza ni marufuku, na kumpa mtu bure pia ni marufuku, hata awe mtu mzima mwenzako. Kwa ukarimu wetu hili ni gumu kulizoea, lakini lizoee.

Mbegu unaruhusiwa kuagiza kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, au kuzipata kwenye vyama vya wakulima wa bangi vilivyoruhusiwa kuanzia Julai 2024. Usibebe mbegu kutoka nyumbani Afrika kwenye begi. Ukiacha sheria, mmea wenyewe hautakufaa. Aina za kwetu karibu na ikweta, na hata zile za Malawi zinazosifika dunia nzima, zimezoea siku zenye urefu karibu sawa mwaka mzima. Zinarefuka mno, zinachelewa kuchanua, na ndani ya hema la kuoteshea lenye kimo cha sentimita 160 zitagonga taa kabla hujaona ua. Chagua aina fupi, na ununue mbegu za kike, maana maua ya jike ndiyo yanayotumika na dume akitoa chavua maua yote yatajaa mbegu.

Dukani utashawishiwa uchukue zile zinazochanua zenyewe kwa umri, bila kujali urefu wa mwanga. Ni za haraka, zinaweza kukamilika ndani ya wiki 10 hadi 12. Hata hivyo kwa anayeanza mimi napendelea aina ya kawaida. Inabaki kwenye hatua ya majani mpaka wewe uamue kubadilisha mwanga, kwa hiyo mche ukidumaa au ukiungua majani una nafasi ya kuusubiri upone. Ile ya haraka haikusubiri, itachanua hivyohivyo ilivyodumaa.

Vifaa visikusumbue. Hema la kuoteshea la sentimita 60 kwa 60, taa ya LED ya wati 100 hivi, feni ya kutolea hewa yenye kichungi cha mkaa, feni ndogo ya kuzungusha hewa ndani, taima ya kuwasha na kuzima taa, na kipimo cha joto na unyevu. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 18 kwa siku inakula uniti 1.8, sawa na uniti 54 kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba wako wa umeme ujue mapema. Waya zote ning'iniza juu, na soketi ya kuunganishia usiilaze chini, maana maji yatamwagika siku moja, hilo halina mjadala.

Kama kuna mahali pa kuongeza pesa, ongeza kwenye hewa. Nyumba za huku zimezibwa sawasawa kuzuia baridi, na mmea unatoa mvuke mchana na usiku. Mvuke usipotoka utaishia ukutani nyuma ya kabati, ukuta uote ukungu mweusi, na hapo utaongea na mwenye nyumba, naye atakuwa na haki. Kisha kuna harufu. Wiki za mwisho za maua harufu inapanda hadi ghorofa ya nne, na sheria inakudai usiwaletee majirani kero isiyovumilika. Feni ivute hewa ya hemani ipite kwenye mkaa kabla haijatoka. Utajua inavuta vya kutosha ukiona kuta za hema zimebonyea kwa ndani kidogo. Zikiwa zimevimba kwenda nje, harufu inapenya kila tundu. Mkaa nao huchoka, kwa hiyo pua yako ikianza kupata harufu nje ya hema, badilisha kichungi.

Sasa maji, maana mimea mingi ya wanaoanza hufa kwa kupendwa mno. Tuliokua tukimwagilia mchicha asubuhi na jioni tuna mkono mwepesi wa ndoo. Lakini bustani ya nje ina jua na upepo, na maji yanazama ardhini. Chungu cha lita 10 ndani ya chumba hakina pa kuyapeleka. Mizizi inahitaji hewa, na udongo ukikaa umelowa muda wote mizizi inaoza. Jifunze uzito. Kabla ya kupanda, nyanyua chungu chenye udongo mkavu, kisha kimwagilie mpaka maji yachuruzike chini, kinyanyue tena. Mikono yako itashika tofauti hiyo isiisahau. Baada ya hapo mwagilia pale tu chungu kinapokuwa chepesi, hata kama juu udongo umeonekana mkavu tangu juzi. Mche mdogo kwenye chungu kikubwa mpe maji kidogo kuzunguka shina, usikiloweshe chungu kizima.

Majani yaliyolegea huwachanganya watu, kwa sababu yanalegea kwa kiu na yanalegea kwa maji mengi. Yashike. Jani lenye kiu ni jembamba na laini, linaning'inia kuanzia kikonyo. Jani lililozidiwa maji limejaa, gumu kidogo, limejikunja kuelekea chini kuanzia kwenye uti wake. La kwanza mpe maji, utaona mmea umesimama ndani ya saa chache. La pili usifanye chochote, subiri. Ukiona visubi vyeusi vidogo vikirukaruka juu ya udongo, ni dalili hiyohiyo ya kulowesha mno: acha sentimita chache za juu zikauke, na uchomeke karatasi za njano zenye gundi.

Mbolea weka akilini kuwa ya mwisho. Udongo mzuri wa dukani unalisha mmea wiki kadhaa bila msaada. Ncha za majani zikiwa kahawia kama zimechomwa, punguza, usiongeze.

Mwanga unakwenda kwa saa. Hatua ya majani, saa 18 za mwanga na 6 za giza. Ukitaka maua, saa 12 kwa 12. Giza liwe giza kweli, kwa sababu mwanga unaopenya kwenye zipu au taa ya simu ya kuchungulia usiku unaweza kuuvuruga mmea jike ukatoa na maua ya kiume, na hapo umejiletea mbegu. Joto liwe kati ya nyuzi 20 na 28. Unyevu wa asilimia 60 na ushee unaifaa miche, lakini maua yakishaanza kunenepa ushushe hadi 50 au chini yake.

Sababu ya kuushusha ni ukungu wa kijivu, ambao huanzia ndani ya ua, sehemu ambayo jicho halifiki. Siku za mwisho kagua ua moja moja kila siku. Ukiona jani moja dogo limekuwa la njano katikati ya ua lenye afya, livute taratibu. Likitoka bila ubishi, fungua ua hapo: ndani utakuta kahawia na unga wa kijivu. Ua hilo lote litupwe pamoja na kipande cha tawi chini yake. Kukata sehemu mbaya na kubakiza iliyoonekana nzuri ni kuvuta ukungu mapafuni.

Hema lina zipu, halina kufuli, na sheria inataka mmea na mavuno viwe mbali na watoto na mtu mwingine yeyote. Kama una watoto na huna chumba cha kufunga, usianze. Siandiki hivyo kwa sababu ya polisi tu. Bangi inagusa ubongo unaokua, na mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo wake ana hatari kubwa zaidi ya wengine. Kuhusu gari, tangu Agosti 2024 kiwango cha juu ni nanogramu 3.5 za THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya, kwa mililita ya majimaji ya damu, na walio chini ya miaka 21 hawaruhusiwi hata chembe.

Aina nyingi huiva baada ya wiki 8 hadi 10 za maua. Usihesabu kalenda peke yake, nunua kioo cha kukuzia na utazame vinywele vidogo vya utomvu juu ya ua. Vikiwa vyeupe kama maziwa, na vichache vimeanza kugeuka rangi ya asali, kata. Ning'iniza matawi gizani kwa nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 55 hadi 60, feni isipulize maua moja kwa moja. Baada ya siku 10 hadi 14 kijiti kitavunjika kwa mlio badala ya kupinda. Hapo tia kwenye chupa za kioo, zisijae hadi mdomoni, na uzifungue kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Kabla ya kufunga chupa ya kwanza, weka mavuno yote kwenye mizani ya jikoni. Kinachozidi gramu 50 sheria inataka kiharibiwe, nami hukichanganya na mboji siku hiyohiyo.