Galaksi isiyo na mikono ina nini cha kutazama?

SWALI: Nimeona picha ya galaksi NGC 4993. Ni doa jeupe tu, halina ile mikono mizuri ya kujizungusha. Wanaiita galaksi lenzi. Jina hilo limetoka wapi, na mbona wanaastronomia hawaishi kuitaja?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza habari za galaksi niipendayo. Niliwahi kuitafuta kwa darubini yenye kioo cha sentimita 25, katika anga ya kusini, kundinyota la Shuja, yaani Hydra. Nikiikazia jicho inapotea. Nikilipeleka jicho pembeni kidogo, hiyo inajitokeza, kama ukungu wa pumzi juu ya kioo. Nuru ile ilikuwa safarini kwa miaka milioni 130 hivi.

Lenzi ni umbo tu. Galaksi za aina hii ukizitazama kwa ubavu ni nene katikati, nyembamba pembeni, kama kioo cha kukuzia maandishi. Zina sahani ya nyota, ila gesi imekaribia kwisha, na pasipo gesi nyota hazizaliwi. Waliomo wengi ni wazee.

Na uzee huo ndio utamu wenyewe. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya uvutano, yaani mitetemo ya anga lenyewe. Sekunde 1.7 baadaye, satelaiti ya Fermi ikaona mmweko wa miale ya gama, nuru yenye nishati kubwa kupita zote. Chanzo chake kilikuwa nyota nyutroni mbili, mabaki ya nyota kubwa zilizokufa zamani mno, zilizozungukana na kusogeleana hadi zikagongana. Hazikutimia saa 11 tangu mgongano kunaswa, darubini ya Swope kule Las Campanas, Chile, ikaipiga picha NGC 4993. Kando ya kiini palikuwa na nukta ambayo picha za awali hazikuwa nayo: mwanga wa mgongano ule.

Nukta hiyo ilianza na rangi ya samawati. Siku chache tu ikageuka nyekundu, ikafifia. Wekundu ule ulitoka kwa elementi nzito zilizofuliwa mlemle, ukoo mmoja na dhahabu na platini. Galaksi iliyokwisha kuzaa nyota ndiyo iliyotuonyesha kiwanda hicho kikiwa kazini! Mimi bado nasisimka nikiandika haya.

Ukiipata tena picha yake, iwe ya darubini kubwa, usiishie kwenye kiini. Angalia kingo: kuna maganda hafifu ya nuru, alama ya galaksi nyingine iliyomezwa.