Saratani Imeondoka, Figo Je?

Siku niliyoambiwa saratani haionekani tena, nilikuwa na swali moja tu: itarudi? Habari za figo hazikunijia akilini. Nilikuwa nimemaliza mizunguko minne ya kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa, yenye dawa iitwayo sisplatini, na kila mara kabla ya dawa hiyo nilitundikiwa dripu za maji kwa saa nyingi, muuguzi akipima mkojo wangu. Nilidhani ni utaratibu wa wodi. Kumbe maji yale yalikuwa ya kuzikinga figo, kwa sababu sisplatini hutoka mwilini kupitia huko na njiani hujeruhi vijifereji vyake vidogo.

Mwaka wa pili nikaanza kukamatwa na misuli usiku. Nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, karibu kila siku bila kumwuliza mtu, nikidhani ni mabaki ya kemo yatakayopita. Daktari mmoja akaamua kupima magnesi, madini yanayohitajiwa na misuli, ikakutwa chini. Figo zilizojeruhiwa na sisplatini huweza kuvujisha magnesi kwenye mkojo hata muda mrefu baada ya matibabu. Na diklofenaki yangu, sawa na ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Niliiacha siku hiyohiyo.

Lakini kreatinini yangu, taka ya kwenye damu inayopimwa kujua kama figo zinachuja vizuri, ilikuwa "ya kawaida". Tafadhali, hapa tusipite haraka. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu aliyekondeshwa na saratani ana misuli michache, kwa hiyo anatengeneza kreatinini kidogo, na namba inaweza kupendeza huku figo zikiwa zimechoka. Daktari aliomba majibu yangu ya kabla ya kuugua, akayaweka kando ya yale mapya. Namba ilikuwa imepanda, ingawa bado imo ndani ya mipaka ya maabara. Akaagiza sistatini C, kipimo kisichotegemea misuli sana. Kiwango cha uchujaji, yaani kasi ya figo kusafisha damu, kikatoka 54. Kikikaa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Changu kilikaa hivyo. Sikuwa nimevimba, wala mkojo haukubadilika rangi.

Kwa hiyo nakusihi, wewe uliyepona: jua majina ya dawa ulizopewa. Dawa nyingine za kemo, ifosfamidi na methotreksati ya dozi kubwa, nazo huweza kuumiza figo, vivyo hivyo mionzi iliyopita tumboni. Aliyetolewa figo moja ana sababu zaidi ya kufuatiliwa. Omba mkojo upimwe albumini, aina ya protini, si damu peke yake, kwani protini huweza kuanza kuvuja wakati kreatinini bado imetulia. Pima presha. Ukipelekwa kupigwa picha ya CT, sema mapema kuhusu figo zako kabla hujachomwa dawa ya rangi. Mitishamba iache mpaka daktari ajue unachokunywa.

Na maji? Wengi wataniambia ninywe lita kwa lita. Mimi nakunywa kadiri nilivyoelekezwa, maana mwenye figo zilizodhoofika sana au moyo mgonjwa anaweza kudhurika kwa maji mengi.

Sasa nina bahasha moja yenye majibu yangu yote, tangu yale ya kabla ya kuugua. Kila ninapokwenda kliniki huwa naitandaza mezani kabla sijaulizwa, na kidole changu kinaanzia kwenye ile namba ya zamani.