Barua kwa mwanangu: blauzi inaanzia begani

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili, na zile picha za mbele ya kabati nimezikuza nikaziangalia vizuri. Umeniuliza mbona toka ujifungue kila blauzi ukivaa haikukai, matiti yamejaa, tumbo halijarudi, mabega mapana uliyochukua kwa baba yako ndo yanaonekana zaidi, na zile siku 84 za likizo ya uzazi zimeisha Jumatatu unarudi ofisini, sasa uvae nini na masweta ya kujifichia umeyachoka. Nakujibu kama mama na kama fundi, maana mambo haya ndo kazi yangu. Na kabla sijasema kingine, mwili wako hauna kosa lolote mama, umetoka kuzaa. Hizo nguo zilishonwa kabla ya mtoto.

Tuanze na lile shati jeupe. Kuza picha uangalie kifungo cha tatu, pale kifuani pameachia mwanya, afu kuna mikunjo imelala inatoka kwenye kifungo inaelekea kwapani, kulia na kushoto. Ukiona mikunjo imelala hivo ujue kitambaa hakitoshi, kinavutwa. Sasa angalia ile uliyopiga mgongo, kule mikunjo inashuka wima inajikusanya kiunoni, hapo kitambaa kimezidi. Umeona? Shati hilohilo moja linakubana mbele linakupwaya nyuma, ndo maana ukipanda saizi unaogelea ndani na ukishuka saizi vifungo havifungi. Wanaoshona za dukani wanachukua kifua kimoja cha kukadiria kwa kila saizi, na wewe saivi unanyonyesha, kifua chako kimepita hapo wakati bega na mgongo viko palepale.

Kwahiyo shika hili: nguo ya juu inanunuliwa kwa bega na kifua, hayo mengine ni ya fundi. Kiuno kinapunguzwa, urefu unakatwa, mikono inapandishwa, ni kazi ya muda mfupi na hela ndogo. Ila bega likishakosea, kulirekebisha ni kufumua mikono yote na wakati mwingine mpaka kola, ni karibu na kushona upya. Hebu gusa kwa kidole ule mfupa wa mwisho wa bega, pale mkono unapoanza kushuka. Mshono wa mkono unatakiwa ukae hapo juu yake. Ukiingia ndani kuelekea shingoni utabanwa kila ukinyoosha mkono, ukidondokea kwenye mkono unakuongezea upana na wewe upana unao tayari. Na ukijaribu nguo usisimame tu wima mbele ya kioo, kaa kwenye kiti, inua mikono kama umeshika bomba la daladala, kisha ikunje mbele kama umempakata mtoto. Blauzi ikifaulu hayo yote bila kupanda tumboni wala kuachia mwanya, hiyo lipia.

Kifuani unahitaji nafasi. Ukijipima kwa tepu pale palipojaa zaidi, shati la kitambaa kisichovutika lizidi kipimo chako kwa inchi 3 hivi, na wewe unayejaa maziwa ongeza iwe 4, maana asubuhi na mchana kifua chako hakilingani. Halafu tafuta yenye dati, ule mkunjo ulioshonwa kutokea ubavuni kuelekea kwenye titi. Watu wengi hawauangalii kabisa dukani, na kwa mwenye kifua ndo unaofanya kitambaa kizunguke titi badala ya kuning'inia kutoka kifuani mpaka chini, maana kikining'inia hivyo kinafunika kiuno chote na mtu mwembamba anaonekana mjamzito. Ncha ya dati iishie kabla haijafika katikati ya titi, kama inchi moja nyuma yake. Ikiwa juu sana au chini sana inaacha kiuvimbe cha ajabu, na mtu anahisi kifua chake ndo kina shida kumbe dati imekosewa.

Lakini kabla ya yote hayo mwanangu, sidiria. Usichague blauzi ukiwa umevaa zile za kabla ya mimba zinazokukata. Nunua mbili za kunyonyeshea zilizokutosha, mkanda wa chini ndo unaobeba uzito, ukae umelala sawa mbele na nyuma, ukiona nyuma umepanda juu ujue mkanda ni mkubwa. Titi likikaa mahali pake, kati ya kifua na tumbo panatokea nafasi, na hapo kiuno chako kinaonekana bila kujibana na chochote.

Sasa mabega. Wewe epuka tu vitu vinavyochora mstari wa kulala kutoka bega moja mpaka lingine: shingo pana ya boti, mikono iliyojaa begani kama ile ya pinki ya kwenye picha (nzuri kweli, mpe mdogo wako), pedi za mabega, na zile za kuacha mabega wazi ambazo ofisini hata hivyo huwezi kuvaa. Chukua shingo ya V, au shati la kola ukaacha kifungo kimoja cha juu wazi, jicho la mtu linashuka chini katikati badala ya kukimbilia pembeni. V yenyewe iwe ya adabu, ukiinama mezani kusiwe na cha kuonekana. Waraka wa mavazi wa watumishi wa umma wa mwaka 2007 bado unausikia kila mwezi hapo kazini kwako na mimi nauunga mkono, heshima na kupendeza vinakaa pamoja bila shida. Juu vaa rangi iliyokolea, chini weka ya mwanga au sketi yenye mwendo, hiyo ya kumwagika kidogo, nyonga zako nyembamba zitalingana na mabega.

Mdogo wako kwa mfano ni kinyume chako, yeye nyonga zimejaa na bega dogo, vitu vyote nilivyokukataza wewe ndo vinampendeza yeye. Ndo maana sipendi zile picha za mtandaoni za wanawake waliogawanywa kwa matunda, huyu peasi huyu tufaha, unakuta mtu ana bega la hili na tumbo la lile na kifua cha jingine na anahangaika ajiweke wapi. Pima bega lako, pima kifua, pima pale pembamba zaidi chini ya matiti, basi, hayo yanatosha.

Kuhusu tumbo nisikilize kwa makini maana hapo ndo umekosea njia na hayo masweta. Nguo kubwa inaanzia sehemu iliyojitokeza zaidi ikashuka wima, kwako sehemu hiyo ni kifua, kwahiyo sweta linakuhesabu wote kwa upana wa kifua mpaka mapajani. Blauzi zitakazokufaa miezi hii ni za kupishana mbele, upande mmoja unalala juu ya mwingine na kufungwa kwa kamba ubavuni. Nazipenda kwa mzazi kuliko kitu kingine chochote. Zina V yake tayari, zinashika chini ya matiti pale ulipo mwembamba, zinalegea juu ya tumbo, kamba unaifunga kwa mwili wa siku hiyo, ukipungua mwezi ujao unakaza, na mtoto akilia unasogeza upande mmoja bila kuvua nguo nzima. Mwambie fundi aweke kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani pale zinapokutana kifuani ili isifunguke ukiwa kwenye kikao. Hicho hicho kiwekwe kwenye lile shati jeupe pia, katikati ya kifungo cha pili na cha tatu, ila hapo kinaziba mwanya mdogo tu, kama kitambaa kinavutwa sana kitang'oka.

Urefu, usiache pindo likatie pale tumbo lilipojitokeza zaidi, macho yote yatatua hapo. Ama lipite kidogo chini ya mfupa wa nyonga ama uchomekee mbele tu na nyuma uache. Mikono pia hivohivo, mkono mfupi unaoishia usawa wa matiti unaongeza kifua upana, bora ushuke mpaka karibu na kiwiko au upite kidogo chini yake, pale mkono unapoanza kuwa mwembamba.

Vitambaa. Poplini ngumu inasimama yenyewe haifuati mwili, wewe tafuta laini inayoanguka, viskosi au pamba nyepesi, tena Dodoma jua hilo usiende na polista tupu utatota jasho. Na maziwa yanavuja, usijidanganye, kijivu na bluu ya mawingu zinaonyesha tone dogo kabisa, vaa maua maua au rangi nzito, kitenge chenye michoro ya kati kinaficha kila kitu. Michoro mikubwa sana, yale maduara kama sahani, angalia yasitue juu ya matiti. Mistari ya kulala watu wanaiogopa bure, mdogo wako alinionyesha kwenye simu kwamba mwanasayansi wa Ujerumani, Helmholtz, alishaandika mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala unaonekana mrefu kuliko upana wake. Mimi ninachoangalia ni kimoja, mstari ukipinda kifuani ujue nguo inabana.

Ukienda mitumbani achana na namba ya kwenye lebo. 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na XL za China nyingi ni ndogo, utajichosha na kujikosesha raha. Beba tepu kwenye pochi, ilaze blauzi, pima kutoka kwapa mpaka kwapa zidisha mara mbili, linganisha na kipimo chako. Geuza na ndani uone kama mishono ya ubavuni ina akiba ya kitambaa, ikiwepo fundi anaweza kuachia.

Usinunue nyingi saivi, mwili bado unabadilika. Blauzi nne zinakutosha kuzungusha wiki, na zile za zamani ziweke usizigawe.

Nitumie kwa WhatsApp bega kwa bega, kifua, chini ya matiti, na urefu kutoka bega mpaka nyonga, upimwe na mtu mwingine usijipime mwenyewe mkono ukiwa juu kipimo kinadanganya. Ukinitumia leo nakata kesho, nakushonea mbili za kupishana, mjomba wako anakuja huko Jumamosi na SGR atakuletea. Vitenge nimeshavifua visije kusinyaa baadae. Kipo cha bluu iliyokolea na cha kahawia chenye majani, cha bluu kimebaki yadi mbili tu kinatoa blauzi moja, kwahiyo niambie ya pili unataka hicho cha kahawia au nikatafute kingine Kariakoo.

Mama