Mabati ya mtoro: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako niliusoma jana, kisha mdogo wako akanisomea tena kwa sauti maana miwani yangu imebaki na mkono mmoja. Unasema usharika wenu huko Mwanza umekupendekeza uwe mzee wa kanisa, nawe ukawajibu kwamba hustahili, watafute mwingine. Mumeo anasema hicho ni kiburi. Unaniuliza mimi: ni kiburi, au ni unyenyekevu?

Mumeo angeweza kulisema hilo kwa upole zaidi, lakini hayo ni yenu.

Siku ya tetemeko, 10 Septemba 2016, wewe ulikuwa chuoni Dodoma. Kwa hiyo habari ya mabati umeisikia kwa baba yenu tu, na baba yenu huisimulia anavyotaka yeye. Ngoja nikusimulie mimi niliyelala kwenye godoro lililolowa.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Mimi nilikuwa jiko la nje na maharage, baba yenu yuko kibanjani anapunguza majani makavu ya migomba. Ardhi ikanguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo, kisha ukuta wa chumba chetu ukakaa chini. Paa likakunjika juu yake. Unajua yaliyotokea mjini Bukoba, watu waliofariki, shule za sekondari za Ihungo na Nyakato mpaka zikafungwa. Sisi tulitoka wazima wote, hata kuku.

Mwenyekiti wa kitongoji akapita na daftari kuandika walioangukiwa na nyumba. Alipofika kwetu, baba yenu akamwambia, "Andika wenzangu kwanza. Mimi nina pensheni." Turubai tulilopangiwa likaenda kwa yule mjane wa kule juu. Majirani wakasifu sana. Mwalimu, wakasema, ni mnyenyekevu kweli, amejishusha. Na mimi niko nyuma yake nimeshika sufuria, nasikia sifa, naangalia mawingu yanavyopanda kutoka ziwani. Tukalala chini ya plastiki ya kuanikia kahawa.

Hapo bado sina neno. Mjane alihitaji turubai kuliko sisi, hilo nalikubali hata leo. Nilikuwa na hasira, lakini hasira si hoja.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Akaja yule kijana wa bodaboda wa bondeni, unamjua, ambaye baba yenu alimfundisha darasa la tano akawa mtoro wa kudumu, akachapwa, akaacha shule, akaanza pombe. Amefunga mabati nyuma ya pikipiki kwa mpira. Mabati ya zamani, yana kutu pembeni, matundu ya misumari amekwisha kuyaziba kwa lami, tundu moja moja, kwa uangalifu. Alikaa nayo muda mrefu yule mtoto, ilionekana. Akasema, "Mwalimu, nimekuletea."

Baba yenu akaingiza mkono mfukoni akatoa pochi. "Shilingi ngapi?"

"Siuzi, Mwalimu."

"Basi yarudishe. Mimi sichukui mali ya mtu bure."

Mwanangu, nimeona watu wakitukanwa, wakipigwa. Sijaona uso ukianguka namna ile. Kijana hakujibu. Aliyafungua mabati, akayaegesha kwenye ua, akaisukuma pikipiki yake hadi barabarani bila kuiwasha. Na usiku ule mvua ikanyesha. Tumelala chini ya plastiki, na pale uani mvua inayapiga yale mabati, inayapiga, hakuna aliyekuwa chini yake. Baba yenu alikuwa macho. Mimi pia. Hatukusemezana.

Kutoa kila mtu anaweza, hata mwenye kiburi. Kupokea ndiyo kazi. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo, mkanicheka kwamba mama anatafuta zawadi. Chekeni. Baba yenu alikuwa amelipia ada watoto wa nusu ya kitongoji, akinyoosha mkono kila siku, lakini mkono wake ulikuwa juu sikuzote. Siku ulipotakiwa kukaa chini, ukakimbilia pochi.

Petro naye. Yohana 13, Bwana amejifunga kitambaa, yuko na bakuli miguuni pake, na Petro anasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Ukiisikia haraka utadhani ni heshima. Nani amwache Bwana wake amwoshe miguu? Lakini jibu alilopewa ni kali: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Hakuambiwa kwamba amekosa adabu. Aliambiwa kwamba bila kupokea hana sehemu. Nimefundisha kipaimara miaka mingi, na mstari huo ndio watoto waliouruka upesi kuliko yote, wanataka kufika pale Petro anapoomba aoshwe mpaka kichwa, wacheke.

Wewe mwenyewe ulikariri Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho ya imani cha Martin Luther, ukiwa umesimama mbele ya usharika na viatu vya dada yako: kwamba kwa akili zako wala kwa nguvu zako huwezi kumwamini Kristo, Roho Mtakatifu ndiye amekuita. Huyo Luther aliyetuandikia maneno hayo, siku mbili kabla ya kufa mwaka 1546, aliandika kwenye kikaratasi kwamba sisi ni ombaomba, hiyo ni kweli. Daktari wa Maandiko, mtu aliyetikisa Ulaya! Kutoa kila mtu anaweza, mwanangu.

Sasa nakusikia unasema, mama, mimi sikuulizia mabati. Najua. Lakini uzee wa kanisa nao unapewa. Hukuomba, hukufanya kampeni, umeletewa mlangoni. Ukisema "sistahili", nani amesema unastahili? Mabati hayaletwi kwa anayestahili, yanaletwa kwa aliyeangukiwa na nyumba.

Ila hapo nami najikwaa. Maana Isaya naye alilia kwamba midomo yake ni michafu, na Mungu hakumkasirikia, kaa la moto likamgusa midomo, naye akasema, "Mimi hapa, nitume mimi." Musa alisema yeye si msemaji, akaendelea kukataa mpaka hasira ya Bwana ikawaka. Kwa hiyo si neno lenyewe "sistahili". Ni kile mtu anachofanya baada ya kulisema, nadhani. Isaya alilisema akabaki pale. Musa alilisema akiangalia mlango.

Tena wapo wanaopokea kila cheo wanachopewa, na kila mara wanasema ni Mungu amewapa. Umewaona. Kwaya, ujenzi, mfuko wa elimu, kote wao ndio wenyekiti, na bahasha za ahadi za watu wanazijua kwa namba. Hao sitaki ufanane nao. Kukubali peke yake hakumfanyi mtu mnyenyekevu.

Bibi yako alikuwa mtu wa Uamsho, ule wa Wakristo waliookoka, uliotoka Rwanda ukapita Uganda ukaingia huku kwetu miaka ya mwisho ya 1930. Katika ushirika wa ndugu waliungama hadharani, dhambi kwa majina yake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeungama vizuri kuliko wote, kwa machozi, na kwa urefu. Bibi aliniinamia akaninong'oneza, "Huyu dhambi zake anazipenda." Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Leo nikimsikia mtu anajidharau mbele za watu kwa maneno mengi, namkumbuka bibi, nami naziba mdomo nisicheke kanisani.

Na usije ukadhani nasema kumtegemea Mungu ni kukaa. Tulipojenga upya fundi alitaka kuruka lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta, ili tuokoe saruji, akasema Mungu yupo. Nikamwambia Mungu yupo na lenta itafungwa.

Nilikuwa sijamaliza ya mabati. Siku kadhaa zilipita. Asubuhi moja baba yenu akavaa koti lake la kanisani, siku ya kazi, akashuka hadi kijiweni kwa bodaboda. Nilimfuata kwa mbali, sikuamini. Mbele ya vijana wote akamwambia yule mtoro, "Siwezi kupanda juu. Njoo unipigilie." Hakusema samahani, humjui baba yenu? Kijana akaja. Alipanda yeye, na baba yenu akashika ngazi, misumari ameibana kwenye midomo, akimpa mmoja mmoja kama mwanafunzi anayempa fundi wake. Kutwa nzima. Nikawapikia ndizi na nyama. Sijawahi kufurahi vile tangu ndoa yangu, na mabati yenyewe yanavuja upande wa dirisha mpaka leo.

Basi, kukubali au kukataa, sikuambii. Una watoto wadogo, una zamu za usiku hospitalini, na hizo ni sababu za kweli ambazo hukuziandika. Uliandika tu hustahili. Ungeandika zamu za usiku nisingekuwa na barua ndefu hivi. Ningekuwa mimi, ningerudi kwa mchungaji na ku... hapana, nimesema sikuambii.

Baba yenu ametoka kahawani, amenikuta naandika, amesoma ukurasa wa mabati akiwa amesimama. Anasema nikuandikie kwamba petroli ya kijana aliilipa. Hakuilipa.

Mama yako