Usipandishe nyanya masalo, zile zilizoiva kupita kiasi zikalegea, kwenye wavu wa kuchomea! Mleta uzi, soma hapa kabla ya Jumamosi

Mkuu, acha kwanza. Hiyo ndoo uliyonunua Buguruni iondoe karibu na jiko, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba Jumamosi una wageni kumi na tano, kwamba umeona pishi la Kifaransa la nyanya za kuchoma na majani ya kunukia, lile wanalokula wakati wa kiangazi pembeni ya nyama au samaki. Unauliza majani gani yanafaa, kila mgeni umhesabie nyanya ngapi, na kama foili inasaidia. Hayo yote sikuyajali sana. Kilichonitoa kitini ni yale uliyoyaandika katikati kama jambo dogo: umepata nyanya "zimeiva vizuri, laini kabisa, kwa bei ya kutupa", utazikata asubuhi, uzitie chumvi ikae mpaka mchana ili iingie ndani, kisha uzipange kwenye wavu mmoja na samaki.

Hayo niliyafanya mimi, vilevile, bila kupunguza hata moja. Hebu nikueleze yalivyoishia.

Ilikuwa Desemba, kaskazi imekolea, mdogo wangu wa kike ameshatolewa mahari na wakwe wanakuja kutoka Tanga kula chakula cha mchana nyumbani kwetu Kigamboni. Na watu wa Tanga kwa samaki huwadanganyi. Alfajiri nilikuwa soko la samaki la Feri, nikasimama kwenye mnada mpaka nikapata changu kumi na wanane, macho maangavu, mashavu mekundu ndani, nikavuka nao kwa pantoni nimewakumbatia kwenye ndoo ya barafu kama mtoto mchanga. Zaidi ya laki mbili ilinitoka pale. Sikuionea uchungu, kwa sababu ile siku ilikuwa ya mdogo wangu.

Nyanya nilikuwa nimezinunua jana yake. Kuna jamaa mmoja anafundisha mapishi kwenye simu, nilikuwa namfuatilia muda mrefu na kumwamini. Alisema nyanya ya kuchoma iwe laini, kwamba ikibonyea ndiyo sukari imejaa. Akasema chumvi itiwe mapema sana. Nikaenda sokoni, nikachukua sado nne, yaani vindoo vinne, za masalo, nikafurahi nimeokoa hela. Saa tatu asubuhi nikazikata zote, nikazimwagia chumvi, nikazifunika kwenye beseni. Saa sita nilipofunua, zilikuwa zinaogelea. Nusu beseni ni maji mekundu. Hapo ndipo nilitakiwa kusimama. Sikusimama, kwa sababu yule jamaa alisema hivyo ndivyo.

Jiko letu ni lile la nusu pipa, wavu mmoja mrefu. Upande wa kulia changu, wameshageuzwa mara moja, ngozi inaanza kuwa ya dhahabu, mafuta na ndimu vinachuruzika kidogo. Upande wa kushoto nikapanga nyanya. Dakika mbili kimya. Ya tatu nikaingiza kibanio nigeuze ya kwanza. Ganda likabaki kwenye kibanio, nyama yote ikapita katikati ya nyaya ikaanguka kwenye makaa. Tssssss! Ya pili ikafuata bila hata kuguswa. Kisha zote, moja baada ya nyingine, mbegu, ute, maji ya chumvi, chini kwenye moto.

Sasa sikiliza, hapa ndipo hasara yenyewe ilipo, maana kupoteza nyanya si kitu. Maji yakimwagika kwenye mkaa mwekundu yanageuka mvuke papo hapo, na ule mvuke unapanda kwa nguvu ukibeba majivu. Lilipanda wingu la kijivu pale uani, likasimama kidogo, likatua. Likatua juu ya changu wangu wote. Na samaki akiwa na mafuta ngozini, jivu likishatua limetua. Ukifuta linazidi kuingia. Ukimwosha, umemharibu. Moto nao ulizimika nusu nzima, hivyo wengine walibaki na damu kwenye mfupa huku wakwe wameshanawa mikono.

Tuliwapelekea hivyohivyo waliokuwa wameiva. Mama mkwe wa mdogo wangu aliketi mkekani, akamvuta samaki wake karibu, akaanza kumkwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Taratibu. Jivu likajikusanya pembeni ya sahani kama kijilima cha unga. Hakusema neno lolote, na laiti angesema. Akala wali wa nazi mtupu na kachumbari, akashukuru, akanawa. Mama yangu alinitazama mara moja tu kutoka mlangoni. Mpaka leo nikisikia mkaa umemwagikiwa maji mahali, nauona ule ukucha.

Usiku ule nilirudi kuitazama ile video mara nne. Mara ya nne ndipo nikagundua. Anapoziweka nyanya jikoni picha inakatwa, na inaporudi, ukitazama vizuri chini ya nyanya, kuna bamba la chuma. Bamba! Yule hakuzichoma kwenye wavu hata dakika moja. Alizikaanga kwenye chuma kipana, maji yakawa yanakauka palepale, kisha akatuambia sisi wenye nyavu na mkaa tufanye kama yeye. Nilimwandikia kumuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa kikatuni cha kucheka. Mtu anayefundisha chakula anashika hela ya watu na heshima ya watu mkononi. Kama kuna kitu umekitumia, kitaje. Hilo sijamsamehe.

Nilikaa nikatafuta kuelewa, na kumbe jambo lenyewe halina uchawi. Nyanya ni maji tupu, kama asilimia 95. Kinachoyashikilia yale maji yasimwagike ni kuta za nyama yake, na kadiri nyanya inavyozidi kuiva ndivyo ile gundi ya asili inayozishika kuta inavyolegea. Masalo ndiyo imeshalegea kabisa. Tena yetu ya hapa Dar imeshapigwa. Fikiria iliyotoka Ilula kule Iringa: imepangwa kwenye tenga, imeteremka kona za mlima Kitonga, imepita Mikumi na Morogoro, zaidi ya kilomita 400 huku za chini zikibeba za juu. Inafika Buguruni imeshapasuka ndani ingawa nje bado nyekundu. Juu ya hapo unaitia chumvi, na chumvi kazi yake ni kuvuta maji nje. Tena kwa muda wa saa tatu nzima! Ungekuwa unatengeneza supu ningekupongeza.

Wafaransa wa lile pishi lako kiangazi chao ni Juni mpaka Agosti, na wenye bustani wanachuma siku ileile, nyanya imeivia kwenye mti na bado imekaza. Halafu kule Provence, kusini mwa Ufaransa, wanakotia kitunguu saumu, majani na chenga za mkate, kwa kawaida zinaingia kwenye oveni, ndani ya chombo, zikivuja zinavuja kwenye chombo. Kwa hiyo laini kwao na laini ya ndoo yako ni vitu viwili.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote ukiyasahau hayana neno: nyanya ikibonyea haipandi wavuni. Unaichukua, unaweka kidole gumba ubavuni, unasukuma kidogo. Ikirudisha kidole, nunua. Kidole kikiacha shimo, rudisha mezani, hata kama ni nyekundu kama nini, hata kama muuzaji anakuita dada yangu kipenzi. Iwe nyekundu mzima, hutaki mbichi ya kijani, lakini imekaza. Zile ndefu zenye umbo la yai ndizo nzuri zaidi, nyama nene, mbegu chache. Ukipata aina ya Tanya au Tengeru 97 umepata, hizo zinavumilia safari. Za duara kubwa zenye mikunjo juu waachie wenye kachumbari.

Mimi siku hizi naikata kwa kiuno, yaani kwa upana, siyo kutoka kwenye kikonyo kwenda chini. Ukikata hivyo vyumba vyote vya mbegu vinafunguka, unapitisha kidole kimoja kutoa ute, unazilaza kifudifudi juu ya kitambaa safi dakika kumi. Mafuta ya alizeti napaka kwenye nyanya yenyewe kwa brashi, kidogo tu, maana yakichuruzika yanawasha moto. Makaa yawe yameshavaa jivu jeupe, hakuna ndimi. Halafu unalaza uso chini na UNAACHA. Dakika nne, usiguse. Mkono utawasha, zuia. Nyanya ikiwa tayari inajiachia yenyewe kwenye waya. Ikiwa bado inang'ang'ania, na ukiilazimisha ndipo inachanika. Ikijiachia, geuza ilale kwa mgongo dakika tatu hivi, sasa ganda ndilo bakuli lake na maji yaliyobaki yanachemkia humo humo. Chumvi inakuja hapa, ikiwa sahanini. Siyo kabla.

Na samaki awe jiko lake! Hata kama ni kale kajiko kadogo ka mkaa umeazima kwa jirani. Mimi wavu mmoja sichanganyi tena mpaka naingia kaburini.

Majani uliyouliza: rozmeri na thaimu vinastahimili moto, viloweke kwenye mafuta unayopakia. Rehani haistahimili, inageuka nyeusi na chungu, hivyo ichane kwa mkono juu ya nyanya ikishatoka jikoni. Huna haja ya kwenda supamaketi, mrehani wa uani, ule bibi zetu waliuchanganya na asumini kwenye vikuba, unafaa, ila una harufu kali, majani mawili matatu kwa sahani yanatosha. Giligilani pia sawa, mwishoni vilevile. Kitunguu saumu kibichi usikiweke juu ya moto, kikiungua kinatia uchungu chakula chote. Foili hapana, asidi ya nyanya inaila na unabaki na ladha ya chuma ulimini.

Ile ndoo usiitupe. Chagua zilizooza uziondoe, zilizobaki zimenye, zichemshe zikauke ziwe rojo zito, tia ukwaju na pilipili mbuzi, itakuwa sosi ya samaki wako na wageni watakuulizia. Hiyo ndiyo kazi ya masalo, na kwa kazi hiyo hakuna kinachoyashinda.

Ijumaa jioni usiende sokoni, mzigo unakuwa umeshikwashikwa na kila mtu. Nenda Jumamosi asubuhi mapema, Ilala au Kisutu, wakati matenga yanafunguliwa. Omba uchague mwenyewe moja moja, hata kama utaongezwa bei kidogo, lipa. Muuzaji akikukataza kuzibonyeza, hamia meza ya pili. Na ukishazipata usizitupie kwenye mfuko chini ya viazi. Zipakate mwenyewe kwenye bajaji mpaka nyumbani.