RAW kukosa makali: kabla hujapandisha slaida hadi 120

Mkuu umesema RAW zako (yale mafaili ghafi ya kamera) hazina makali ukilinganisha na JPEG, picha zilizokwisha kuandaliwa na kamera hiyohiyo, ukapandisha slaida ya kunoa kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, mpaka 120, sasa ngozi imejaa chenga (vidoti vidoti kama mchanga) na pembeni ya nywele kuna kamstari keupe. Pole, nimepita humohumo.

Kamera yako haina shida. JPEG inanolewa ndani ya kamera kabla hujaiona, RAW inakuja mbichi, na kwenye sensa nyingi kila pikseli inasoma rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na bluu halafu programu inakisia zile mbili kwa kuchungulia majirani, kwahiyo ulegevu kidogo lazima uwepo. RAW inolewe, sawa, ugomvi ni inolewe wapi.

Mimi mwanzoni nilikuwa nanoa picha nzima, tena nikiiangalia yote imejaa kwenye skrini, inapendeza kweli. Nikampa shangazi picha zake akaniuliza, mbona umenizeesha? Nilicheka ila iliniuma. Kuja kuvuta hadi asilimia 100 nakuta kila kitundu cha ngozi kimechimbwa, na ukuta wa nyuma ambao hata fokasi haukuwa nayo umemwagiwa mchanga. Programu haijui kope ni ipi na chenga ni ipi, yenyewe inaona tu mahali mwanga unapobadilika, inazidisha weusi upande huu na weupe upande ule basi, ndo maana ukipitiliza unapata hako kamstari.

Iliyoniokoa ni slaida ya nne kwenye sehemu ya kunoa, ya maski (Masking), inayochagua pa kunoa. Inaanza na sifuri, yaani noa kila kitu. Shikilia Alt, kwenye Mac ni Option, huku unaivuta, picha inageuka nyeusi na nyeupe: peupe pananolewa, peusi panaachwa. Sura ya mtu naivuta mpaka yabaki macho, kope, midomo na nywele, mara nyingi 70 hadi 85. Majengo 20 au 30 yanatosha, ila anga nataka liwe jeusi tii.

Slaida tatu zilizobaki hazina maneno mengi. Kiasi (Amount), yaani nguvu ya kunoa, kinaanzia 40, mimi naishia 60. Radiasi (Radius), upana wa kunoa pembeni ya kingo, iache 1.0, labda manyoya ya ndege ndo ushushe 0.8, ukienda 2 huo mstari mweupe unautafuta mwenyewe. Ditaili (Detail), ya vitu vidogovidogo, iache 25 kwa watu, ukiipandisha nyuzi za kitambaa zinatoka safi sana lakini kama ulipiga ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200 na chenga nazo zinaamka.

Halafu fokasi ikiangukia sikio badala ya jicho hiyo hainoleki aisee, futa tu, nimepoteza usiku mzima hapo.

Kitu kingine, ukipunguza picha ya pikseli 6000 iwe 2000 ya kutuma inalegea tena, usirudi kwenye slaida, pale kwenye kueksipoti kuna sehemu ya kunoa kwa ajili ya skrini, weka kiwango cha kati.

Hebu shusha hiyo 120 iwe 60, vuta maski, angalia shavu kwa asilimia 100 kisha niambie chenga zimebaki au la, na ulipiga ISO ngapi.